Shajara ya inzi wa ndizi: jike anaamuaje?

15 Januari 2023: Kuanza

Shajara hii naiandika ili mwalimu mwingine, au mtu yeyote mwenye chumba chenye kivuli na subira ya kutosha, aweze kuifuata kazi hii bila kurudia makosa yangu. Ninafundisha biolojia ya sekondari hapa Dar es Salaam, na kila ninapofika kwenye mada ya tabia za wanyama huwa ninawasomea wanafunzi habari za wadudu waliojaa juu ya ndizi za nyumbani kwao, wala hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kuketi akawatazama. Swali langu ni hili: jike wa inzi wa ndizi anapotongozwa, uamuzi wake wa kukubali au kukataa unaonekana wapi, na unabadilishwa na nini? Msaidizi wangu ni mpwa wangu wa kidato cha tatu, ambaye macho yake ni mazuri kuliko yangu.

Kwanza niondoe utata wa jina. Mtu akitaja inzi wa matunda hapa nchini, mkulima humfikiria yule mkubwa anayetoboa embe likiwa bado mtini, ambaye asili yake ni Asia na ambaye aligundulika Afrika Mashariki mwaka 2003. Huyo simtaki. Ninayemtaka ni yule mdogo wa milimita 2 na nusu hivi, mwenye macho mekundu, ambaye hufuata tunda lililokwisha kuanza kuchacha. Jina lake la kisayansi ni Drosophila melanogaster, nami humu nitamwita inzi wa ndizi.

Chambo ni rahisi: kipande cha ndizi mbivu ndani ya chupa, na mdomoni mwa chupa karatasi iliyokunjwa kama ile ya kuuzia karanga, yenye tundu dogo nchani, ili wanaoingia wasijue njia ya kutokea. Ndizi nilizifuata sokoni Mahakama ya Ndizi, Mabibo. Muuzaji aliposikia ninataka zilizoiva kupita kiasi, tena zenye wadudu, alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, wenzako wote wananiomba zisizo na wadudu." Akanifungia mkungu mzima wa kutupwa kwa shilingi 2,000.

Vitu vingine vya mwanzo ni chupa 40 za jemu zilizotumika kwa shilingi 300 kila moja, pamba ya kuzibia ya 3,000, kioo cha kukuzia cha 8,000 na brashi ndogo ya rangi ya 1,000. Chakula chao nakipika kwa lita 1 ya maji, gramu 80 za sembe, gramu 80 za sukari, gramu 20 za hamira na gramu 10 za agari, ile inayotiwa kwenye faluda. Vinachemshwa pamoja hadi viwe kama uji mzito, vinapozwa kidogo, kisha vinatiwa vijiko viwili vya siki ili ukungu usiote. Viungo hivyo vilinigharimu shilingi 14,000. Jumla ya siku ya kwanza ni 40,000.

2 Februari: Wanaofanana si ndugu

Kosa la kwanza lilikuwa la kuamini macho. Niliwakamata inzi wapatao 150, nikawamimina katika chupa za pamoja, nikaanza kuandika nani anamfuata nani. Kwa siku nne tuliona jambo lile lile: dume anamwendea jike, anamgusa kwa mguu wa mbele, kisha anageuka na kwenda zake. Nikaandika kwamba majike wanakataa. Si kweli, hakuna jike aliyekuwa amekataa lolote, maana madume ndio waliokuwa wanaondoka.

Tulipowatazama mmoja mmoja chini ya kioo tukakuta tuna mchanganyiko. Wachache walikuwa na mistari myeupe iliyonyooka kutoka kichwani hadi kifuani kama iliyochorwa kwa rula. Hao ni Zaprionus, jamii ya Kiafrika ambayo spishi yake moja iliingia Brazil mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuwasumbua wakulima wa tini. Hao tuliwatoa kwa urahisi. Kazi ilikuwa kwa Drosophila simulans, ambaye jike wake hatofautiki kwa macho na jike ninayemtaka. Dume ndiye anayemfichua, kwa kuwa pembeni mwa ncha ya tumbo lake ana kipande kikubwa cha mviringo mfano wa kombe la pwani, na cha melanogaster ni kidogo zaidi.

Mguu ule wa mbele nao una maelezo yake. Una viungo vya kuonja, na ngozi ya inzi imepakwa mafuta ambayo hutofautiana kati ya spishi na spishi. Dume anapogusa ndipo anapoonja, na akikuta ladha isiyo ya kwao mara nyingi huacha hapo hapo, kabla jike hajaulizwa chochote.

Dawa yake ni kumweka kila jike wa porini peke yake katika chupa yake. Karibu kila mara anakuwa amekwisha kupandwa huko alikotoka, hivyo anataga, na wanawe wa kiume wakitoka wanakwambia mama yao ni nani. Nilianza na majike 12, nikabakiza koo 5 zilizo za uhakika, yaani uzao wa majike 5, kila ukoo na mama yake. Nilikusudia kuzichanganya zote ziwe ukoo mmoja, nikasita nilipokumbuka kazi iliyochapishwa mwaka 1995, iliyoonyesha kwamba majike wa spishi hii kutoka Zimbabwe huwakataa sana madume waliotoka mabara mengine, wakati majike wa huko nje hawana ubaguzi wa namna hiyo. Asili ya inzi huyu ni Afrika, na si ajabu wa huku wakawa wateuzi zaidi. Koo zangu zote ni za Mabibo, lakini nimeziacha kila moja na chupa yake.

26 Februari: Joto, na mimi nikalaumu uji

Wiki mbili zilizopita chupa zilianza kujaa mayai yasiyoanguliwa. Madume walitongoza, majike walikubali, walipandana, wakataga. Kisha hakuna funza. Nikahukumu kwamba chakula ndicho kibaya. Nilipika upya mara mbili, mara ya kwanza nikipunguza siki na mara ya pili nikibadilisha hamira, na mara zote mbili nikamwaga vyote. Hasara ni shilingi 11,000 na siku 13.

Kipimajoto, ambacho ningepaswa kukinunua kabla ya chupa, nilikinunua tarehe 20 kwa shilingi 10,000. Chumba chetu kina bati bila dari. Saa 9 alasiri kilisoma nyuzi joto 33, na saa 10 alfajiri kikasoma 29. Dume wa inzi huyu anayekulia kwenye nyuzi 30 na zaidi huwa tasa, kwa sababu mbegu zake hazikomai sawasawa, ingawa kutongoza na kupanda anaendelea kama kawaida. Kwa nje hana kasoro yoyote, na jike aliyemkubali hana namna ya kujua. Huo ndio udanganyifu wa tatizo hili: ukitazama tabia peke yake utaandika kwamba mambo yanakwenda vizuri.

Nilinunua deli lililotumika kwa shilingi 35,000, kubwa kiasi cha kuingia chupa 24, na ndani yake ninaweka chupa mbili za maji yaliyogandishwa, zinazobadilishwa asubuhi na jioni. Joto sasa linacheza kati ya nyuzi 24 na 27. Siku ambazo umeme haupo nanunua barafu dukani. Madume wa zamani nimewaacha humo, kwa kuwa baadhi yao hupata nafuu baada ya siku kadhaa za ubaridi, lakini kazi nimeianza upya kwa mayai yaliyotagwa ndani ya deli.

19 Machi: Sisimizi

Sisimizi walisafisha chupa 9 usiku mmoja, wakachukua pupa wote, yaani funza waliokwisha kujifungia ndani ya ganda ili wageuke inzi. Miguu ya meza sasa imesimama ndani ya makopo ya maji yenye mafuta kidogo juu, kama kabati la chakula la bibi yangu. Ukungu umetokea mara mbili tu, na chupa husika nilizichemsha. Mengine yanakwenda.

9 Aprili: Wari

Ili kujua jike anaamuaje, lazima uwe na jike ambaye bado hajaamua. Hapa ndipo kazi ilipotuchosha. Vitabu vinasema kwamba kwa nyuzi 25 jike aliyetoka kwenye pupa hakubali dume kwa saa 8 za mwanzo, hivyo ukiwatenganisha kabla ya muda huo unakuwa na uhakika. Sisi tulikuwa tunamwaga chupa saa 12 jioni na kukusanya saa 12 asubuhi, nikijipa moyo kwamba inzi wengi hutoka alfajiri. Mpwa wangu aliwaita majike hao wari, kwa kuwa wanafungiwa ndani wasionekane na madume, na jina hilo limebaki.

Kipimo cha kujua kama mwari ni mwari kweli ni rahisi, na ninashauri asiachwe mtu akipuuze. Kila jike aliyetengwa anawekwa katika chupa yake yenye chakula kwa siku tatu au nne. Mayai anaweza kutaga hata bila dume, lakini hayataanguliwa. Ukiona funza, ujue kuna aliyetangulia. Kati ya wari wetu 30 wa kwanza, 8 walileta funza.

"Mjomba, hawa walitoroka lini?" mpwa wangu aliuliza, naye alikuwa amewakusanya kwa mikono yake mwenyewe.

Hawakutoroka. Saa 12 ni nyingi mno, na deli letu usiku hupanda hadi nyuzi 27, na joto likizidi muda wa salama unapungua. Sasa tunamwaga chupa saa 4 usiku na kukusanya saa 11 alfajiri, na tunachukua wale tu ambao bado wamepauka na ambao tumboni mwao, upande wa chini, linaonekana doa jeusi la uchafu wa mwisho waliobaki nao kutoka kwenye pupa. Doa hilo hupotea baada ya saa chache. Madume tunawatambua kwa ncha nyeusi ya tumbo na kwa kitana kidogo cheusi kwenye miguu ya mbele, ambacho kinaonekana hata kwa kioo cha bei rahisi. Katika kundi la pili la wari 30 hakuna chupa iliyoonyesha funza.

30 Aprili: Majaribio ya kwanza, sifuri

Vyumba vya majaribio ni visanduku vya plastiki vya mviringo, vyenye mfuniko wa kuona ndani na upana wa sentimita 3 hivi, vile vinavyouziwa shanga na vipuli Kariakoo. 12 kwa shilingi 12,000. Mwari mmoja wa siku 4, dume mmoja wa siku 4 aliyekulia peke yake, saa moja ya kutazama. Jozi 12 za kwanza: hakuna aliyepandwa. Jozi 12 za pili: hakuna. Madume wengi hawakufungua hata bawa.

Kosa lilikuwa mara tatu kwa pamoja, ndiyo maana kulipata kulichukua majuma mawili. La kwanza ni barafu. Tulikuwa tunawalaza inzi kwa kuziweka chupa juu ya barafu ili tuwahamishe kwa brashi, na baada ya nusu saa tulianza jaribio tukidhani wamekwisha kuamka. Wanatembea, ni kweli, lakini inzi aliyelazwa kwa baridi siku hiyo hatongozi kama kawaida yake. Sasa tunawahamisha wakiwa macho, kwa mpira mwembamba wa akwaria uliofungwa kipande cha chandarua ndani, unavuta pumzi taratibu upande mmoja na inzi anaingia upande wa pili. Mpira na chandarua ni shilingi 2,000, na ndicho kifaa bora kuliko vyote humu.

La pili ni wakati. Tulifanya kazi saa 7 mchana, baada ya mimi kurudi kutoka shule. Inzi wa ndizi huchangamka asubuhi na jioni, na katikati ya mchana hupumzika, hasa kukiwa na joto. Tulikuwa tunawaamsha watu wa Pwani usingizi wa adhuhuri. Sasa tunaanza saa 1 asubuhi, Jumamosi na Jumapili.

La tatu ni unyevu. Haya ni majira ya masika, na mvuke ulikuwa unaganda kwenye plastiki kiasi kwamba inzi wanabandika mabawa. Karatasi nyembamba chini ya kisanduku ilitosha.

Nilijaribu pia kurekodi sauti ya bawa kwa simu. Nilipata feni, jogoo wa jirani na pikipiki. Sauti ya inzi huyu ni ndogo mno kwa maikrofoni ya simu, na njia hiyo nimeiacha.

21 Mei: Kumtazama jike

Asubuhi ya leo, jozi namba 5. Naieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo iliyobadilisha karatasi yetu ya kuandikia.

Dume alimwona jike akiwa upande wa pili wa kisanduku, akasimama akimwelekea. Kisha akamfuata, akamgusa tumboni kwa mguu wa mbele, akaendelea. Akiwa pembeni yake alinyoosha bawa moja tu, lile lililo upande wa kichwa cha jike, likatokeza pembeni kama mkono ulionyooshwa, akalitetemesha. Jike akatembea. Dume akazunguka mbele yake nusu duara, akalikunja bawa la kwanza na kulinyoosha la pili, kwa kuwa sasa jike alikuwa upande mwingine. Hivyo mara kumi au zaidi. Mpwa wangu alikuwa anaandika kwa kasi: bawa, bawa, kuzunguka, bawa, kulamba, kukunja tumbo, bawa. Ukurasa mzima ulikuwa wa dume.

Nikamwuliza, "Jike amefanya nini?" Akasema, "Hajafanya kitu, mjomba." Tukarudisha video ya simu nyuma na kumtazama jike peke yake, tukiziba upande wa dume kwa kidole. Alikuwa amefanya mengi. Mwanzoni alitembea haraka, akipiga teke la nyuma kila dume alipokaribia. Baada ya dakika ya nne alianza kusimama: hatua tatu, kusimama, hatua mbili, kusimama, akasafisha macho kwa miguu ya mbele. Vituo vilirefuka. Dakika ya saba alisimama moja kwa moja, na dume alipokunja tumbo mara ya nne, mlango wa uzazi ulifunguka kwa kiasi ambacho kingetupita kama tusingekuwa tumekuza picha. Walipandana kwa dakika 19. Majaribio matatu ya dume yaliyotangulia yalikuwa sawasawa kabisa na lile la nne kwa upande wa dume. Tofauti pekee ilikuwa kwa jike.

Mambo ya dume hayakuanza kuandikwa jana. A. H. Sturtevant alichapisha maelezo ya utongozaji wa inzi huyu mwaka 1915, akaonyesha pia kwamba dume aliyekatwa mabawa anakubaliwa kwa shida kuliko mwenye mabawa. Baadaye ilijulikana kwamba bawa hilo linatoa mapigo ya sauti, na kwamba kwa spishi hii nafasi kati ya pigo na pigo ni milisekunde 35 hivi, ilhali kwa simulans ni ndefu zaidi. Jike anayasikia kwa vipapasio, kwenye tawi lake lenye vinyweleo linalotikisika hewa inapotikisika. Kwa hiyo jike anayetembea huku akionekana kupuuza anasikiliza, na kila anaposimama anampa dume nafasi nyingine ya kuimba karibu yake. Tangu Januari nilikuwa ninapima kelele ya mwombaji na kuiita jibu.

Karatasi mpya ina safu mbili za upana ulio sawa. Upande wa jike tunaandika: kutembea, kusimama, teke, kuruka, kutoa mrija wa kutagia, kufungua. Huo mrija unahitaji jicho zuri. Jike anayekataa kabisa, hasa aliyekwisha kupandwa, anausukuma nje ya ncha ya tumbo kama mwiba mfupi uliopauka, na dume aliyekuwa amekaribia hurudi nyuma.

18 Juni: Hesabu, na hesabu iliyokosewa

Baridi ya kusi imeingia, deli linahitaji chupa moja tu ya barafu kwa siku, na kazi inakwenda.

Tulipima jozi 24 za wari na jozi 24 za majike waliopandwa siku mbili kabla. Kwa wari, 17 walikubali ndani ya saa moja. Kutoka bawa la kwanza hadi kupandana ilikuwa kati ya dakika 3 na dakika 41, na kupandana kulichukua dakika 14 hadi 23. Kwa waliokwisha kupandwa hakuna aliyekubali, ingawa madume 22 kati ya 24 waliwatongoza. Mrija wa kutagia uliotolewa nje tuliuona kwa majike 20 kati ya hao, na kwa wari wawili tu.

Sababu ya mabadiliko hayo ni kitu ambacho jike anaachiwa pamoja na mbegu. Katika majimaji ya dume mna protini ndogo yenye amino asidi 36, ambayo humfanya jike azidishe kutaga na aendelee kukataa madume kwa siku kadhaa, wiki nzima au zaidi. Kwa maneno mengine, dume wa kwanza ana mkono katika uamuzi wa jike kuhusu dume wa pili. Hata hivyo hana neno la mwisho, kwa kuwa jike akija kukubali tena, sehemu kubwa ya watoto wa baadaye huwa wa dume aliyekuja mwisho.

Takwimu hizo si za kwanza. Za kwanza niliziteketeza. Juma lililotangulia nilimwachia mpwa wangu jozi 12 za wari huku mimi nikisahihisha mitihani, naye alikuwa anapita kutazama kila baada ya nusu saa. Aliandika waliokubali ni 4. Majike wote tuliwaweka katika chupa, na baada ya siku chache 9 kati yao walileta funza. Kupandana kwa dakika 20 kunaweza kuanza na kwisha kati ya pito moja na jingine. Waliokataa kwenye karatasi walikuwa wamekubali bila shahidi.

Sikumlaumu, kwa kuwa wakubwa zaidi yetu walikumbwa na jambo la ukoo huo huo. Mwaka 1948 A. J. Bateman alichapisha majaribio ya inzi hawa hawa, akiwatambua wazazi kwa mabadiliko ya kurithi yanayoonekana kwa watoto, akahitimisha kwamba dume ndiye anayefaidika kwa kupata wenzi wengi kuliko jike. Hoja hiyo ilinukuliwa kwa miongo mingi kama msingi. Mwaka 2012 Patricia Gowaty na wenzake walichapisha matokeo ya kuyarudia majaribio hayo, wakakuta kwamba watoto waliorithi mabadiliko mawili kwa pamoja, moja la baba na moja la mama, walikuwa wanakufa wengi kabla ya kuhesabiwa, na hivyo idadi ya wazazi ilikuwa imepindishwa tangu mwanzo. Tangu siku ile mtu mmoja anakaa mbele ya visanduku kwa saa nzima, hata chai analetewa pale pale.

9 Julai: Dume aliyekataliwa

Hili ni jaribio la watu wengine, lililochapishwa mwaka 1979 na Siegel na Hall: dume aliyekaa saa moja na jike aliyekwisha kupandwa, akikataliwa muda wote, baadaye hutongoza kidogo hata akipewa mwari. Nilitaka kuona kama uamuzi wa jike unabaki kichwani mwa dume.

Tulikosea mara mbili. Mara ya kwanza tulifundisha madume 12 asubuhi, umeme ukakatika, tukaenda kutafuta barafu, na tuliporudi ilikuwa imepita zaidi ya saa nne. Hapakuwa na tofauti yoyote. Kumbukumbu ya somo la saa moja hudumu kwa saa mbili au tatu tu, kwa hiyo tulipima madume waliokwisha kusahau. Mara ya pili tuliwapima papo hapo, lakini tukatumia wari walio hai, na baadhi yao walikubali ndani ya dakika tano, jaribio likaisha kabla hatujapima lolote kuhusu dume. Uamuzi wa jike, ambao ndio tuliokuwa tunautafuta miezi yote, safari hii ulitupotezea kipimo.

Suluhisho ni jike asiye na uamuzi: mwari aliyegandishwa hadi kufa, kisha akaachwa apate joto la chumba. Dume anamtongoza kwa sababu mafuta ya ngozi bado yapo. Sikulipenda, na mpwa wangu pia hakulipenda, lakini linatenganisha tabia ya dume na jibu la jike. Katika dakika 10 za kupimwa, madume 12 wasio na somo walitongoza kwa wastani wa dakika 6, na 12 waliokataliwa kwa wastani wa dakika 2 na nusu. Idadi ni ndogo, na mpimaji alijua ni dume yupi. Safari ijayo vibandiko vitafichwa.

Kuna kazi nyingine ya mwaka 2012 iliyoonyesha kwamba madume waliokataliwa hupenda chakula chenye pombe kuliko waliopandana. Mpwa wangu ameomba tuijaribu. Nimemwambia akimaliza kidato cha nne.

30 Julai: Gharama, na kilichomo delini leo

Hadi leo nimetumia shilingi 135,000: vitu vya mwanzo 40,000, deli na kipimajoto 45,000, visanduku 12,000, mpira na chandarua 2,000, na chakula pamoja na barafu kwa miezi sita 36,000, ikiwemo ile 11,000 niliyoimwaga bure. Anayeanza sasa anaweza kupunguza. Chupa 24 zinatosha, si 40, na akianza Juni badala ya Januari huenda asihitaji deli kwa miezi mitatu. Kipimajoto asikiache.

Hatua tuliyo nayo ni ya jike kukubali tena. Wari 12 walipandwa tarehe 22, wakapewa chupa zenye chakula, na kila asubuhi kwa saa moja kila mmoja anapewa dume mgeni, anayetolewa muda ukiisha. Leo ni siku ya 8. Jike namba 4 alipiga mateke kwa dakika 11, akasimama, akatembea tena, na ilipofika saa 1 na dakika 40 asubuhi akakubali. Wengine 11 bado wanatoa mrija.